Steringi wa Mbao, Nchi Yenye Pumzi

Kuna riwaya za kifantasia ambazo ukiulizwa steringi wake ni mtu wa namna gani, unasema "kijana jasiri" na maneno yanakuishia hapo. Ana upanga, ana mama aliyefariki, ana adui. Hana kero ndogondogo, hana chakula anachokipenda, hasemi neno ambalo mwenzake asingelisema. Na bado kitabu chake cha kurasa 500 hukiweki chini. Umeme ukikatika unawasha tochi ya simu na kuendelea.

Hilo si la kuonea aibu, wala si dalili ya usomaji wa kitoto. Lina sababu zake, na msomaji akizijua anafaidi kitabu cha aina hiyo zaidi ya yule anayekisoma huku akikinung'unikia kila sura.

Aliyesoma fasihi sekondari anajua kuwagawa wahusika: bapa, duara, shinda. Bapa na duara tumevipata kwa Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake ya mwaka 1927. Kwake yeye, bapa ni mhusika unayeweza kummaliza kwa sentensi moja. Duara ni yule anayeweza kukushangaza na bado ukamwamini. Tatizo ni kwamba darasani mgawanyo huo umegeuka kuwa alama za mtihani: duara kafaulu, bapa kafeli. Forster hakufundisha hivyo. Alieleza kwamba bapa wana faida mbili kubwa: wanatambulika mara tu wanapoingia, na wanakaa kichwani muda mrefu kwa sababu matukio hayawabadilishi. Kwenye fantasia, ambako msomaji ana nchi nzima ya kujifunza, faida hizo si ndogo. Huwezi kumfundisha mtu sarafu, majira, dini, koo na aina tatu za majoka, halafu papo hapo umtake afuatilie nafsi ya kijana inayojikunjakunja.

Na sikio la mtoto wa huku limelelewa na wahusika bapa tangu zamani. Fisi ni mlafi, Sungura ni mjanja, basi. Hakuna bibi aliyewahi kukatizwa hadithi aulizwe Fisi alilelewa vipi hata akawa mlafi. Anachokatiziwa ni kingine: "Sasa bibi, alitokaje mle shimoni na kamba ilikuwa imekatika?" Mtoto anamvumilia mhusika wa tabia moja maisha yake yote. Asichokivumilia ni tukio lisilo na sababu. Mengi ninayoyasema hapa chini yamo tayari katika swali hilo la kamba.

Tazama Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Majina yenyewe yameshamaliza kazi: mshitaki ni Majivuno, mshitakiwa ni Karama. Hukai kusubiri Majivuno aamke siku moja akiwa mnyenyekevu. Lakini nchi yao iko angani, imepakana na pepo zinazovuma badala ya nchi jirani, na wajumbe wake sita walitumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo, wakarudi na mambo ya kheri, wakaambulia kifungo. Utaratibu huo ndio unaokuvuta. Mjumbe wa kwanza anakupa desturi ya nchi hiyo. Kuanzia wa pili unasoma huku umeshika roho, kwa sababu unajua kinachomngoja nyumbani na yeye hajui. Adili na Nduguze, ya 1952, ni hivyo hivyo. Ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu, kwa hiyo fumbo halimo katika tabia zao. Fumbo ni kwa nini mtawala anayesifiwa kwa wema awe na manyani wawili anaowachapa kila usiku. Ondoa manyani wale, uwape ndugu hao nafsi zenye kina namna gani, kitabu kitapungukiwa.

Kabla ya kuendelea ni lazima tutenganishe, kwa sababu neno "dhaifu" linabeba mizigo mitatu tofauti, na anayeichanganya ndiye anayekitupa kitabu kizuri na kung'ang'ania kibovu.

Mzigo wa kwanza ni bapa wa makusudi, kama hao wa Shaaban Robert. Tabia moja, imeshikwa mwanzo hadi mwisho. Huyu hana madhara yoyote. Wa pili ni mhusika mtupu: hana tabia hata hiyo moja, ni jicho tu la kukutembeza. Huyu anavumilika kwenye riwaya ya safari, ambako kazi yake ni kufika mahali na kuuliza maswali ambayo na wewe ungeuliza. Anachosha kwenye riwaya ya fitina za kasri, maana huko mashine nzima inaendeshwa na tamaa za watu, na mtu asiye na tamaa ni gia isiyo na meno.

Wa tatu ndiye anayeua kitabu. Ni mhusika kigeugeu, anayefanya lolote ambalo mwandishi analihitaji siku hiyo. Ukurasa wa 80 mchawi anaona kilomita kumi mbele. Ukurasa wa 210 anavamiwa na majambazi waliojibanza nyuma ya kichuguu. Malkia tuliyeonyeshwa kwamba hamwamini hata mpishi wake anampa mgeni funguo za ghala la silaha kwa sababu sura inayofuata inataka silaha ziibwe. Hapa uharibifu unaanzia kwa malkia na kuishia kwenye nchi yenyewe. Kama tahadhari ya miaka ishirini inaweza kuyeyuka bila sababu, basi kuta za mji huo nazo ni za karatasi, na huna tena cha kuhofia wala kukitumainia. J. R. R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alilieleza jambo hili katika mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu hadithi za ajabu: mwandishi anajenga dunia ya pili, na msomaji akiwa ndani yake anaamini yaliyomo kwa sheria za humo, shaka ikizuka tu, amri ya uchawi imevunjika, na umerudi nje unaitazama dunia ndogo iliyoshindwa.

Kwa hiyo ukihisi mhusika ni dhaifu, jiulize kwanza: ananichosha, au anavunja sababu za mambo? Anayekuchosha, mvumilie. Anayevunja sababu mara ya kwanza, weka alama pembeni kwa penseli. Mara ya tatu, kifunge kitabu bila majuto.

Sasa nchi yenyewe. Kama steringi ni wa mbao, mzigo wote umehamia kwenye mandhari, na mandhari inapimwa kwa namba na vitu, haipimwi kwa sifa. Msomaji wa Dodoma ana bahati moja kubwa hapa. Anaishi mahali ambapo mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, ambapo maji ya mji kwa sehemu kubwa yanavutwa kutoka visima vya Mzakwe, na mtu yeyote anajua thamani ya dumu la lita 20. Swali lake la kwanza kwa nchi yoyote ya kubuni liwe hilohilo: hapa maji yanatoka wapi?

Fanya hesabu. Riwaya inakuambia jeshi la watu 30,000 na farasi 5,000 limevuka uwanda mkavu. Mtu anayetembea kutwa juani anywe lita 4, na hapo hajapika wala kunawa. Farasi anayefanya kazi kwenye joto mpe lita 40. Watu wanakunywa lita 120,000, farasi lita 200,000, jumla lita 320,000 kwa siku: maboza 32 ya lita elfu kumi kumi, kila siku. Jeshi la miguu lenye mizigo linakwenda kilomita 20 hadi 25 kwa siku. Kama ramani inaonyesha uwanda wa kilomita 300, hiyo ni siku 12 hadi 15. Sasa rudi kitabuni utazame mwandishi amefanya nini na hesabu hiyo. Kama jeshi limefika upande wa pili likiwa zima na farasi wananeng'eneka mafuta, mwandishi hakuwa na nchi, alikuwa na zulia. Kama amelipitisha kisima kwa kisima, amewaacha nyuma nusu ya farasi, au amemfanya jenerali agombane na wenye visima, umepata mtu makini, na unaweza kumsamehe mengi kuhusu steringi wake.

Historia ya hapa inatoa kipimo kizuri zaidi ya kasri za Ulaya. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ililazimika kukatiza pori kavu la Marenga Mkali, ambalo jina lake lenyewe, yaani maji makali, linasema habari ya maji yake, kisha ikaingia Ugogo na kukutana na hongo: vitambaa, shanga na nyaya walizolipwa watemi kabla msafara haujaruhusiwa kupita na kutumia maji. Msafara uliweza kuwa na bunduki nyingi na bado ukalipa, maana bunduki hazichimbi kisima. Riwaya ya kifantasia inayoelewa hilo, kwamba mwenye maji anaweza kumsimamisha mwenye upanga, ina akili hata kama shujaa wake ana sura ya kinyago.

Baada ya maji, uliza chumvi inatoka wapi, nani anakusanya kodi na anaipima kwa nini, usiku taa inawaka kwa mafuta gani, wafu wanazikwa au wanachomwa, na mtu wa kawaida analala kwenye nyumba ya aina gani. Hilo la nyumba usilidharau. Tembe la Kigogo lina paa bapa la udongo juu ya boriti za miti. Linaeleza mara moja kwamba mvua ni chache, kwamba miti mirefu ni adimu na kwamba mifugo inalala karibu na watu. Mwandishi mzuri wa fantasia anajenga namna hiyo. Anakuonyesha paa, na wewe unajua hali ya hewa.

Kwa upande wa uchawi, kipimo kinachotumika sana siku hizi ni cha Mmarekani Brandon Sanderson, aliyekiandika mwaka 2007: mwandishi anastahili kutatua matatizo ya hadithi kwa uchawi kwa kiasi kile tu ambacho msomaji ameuelewa uchawi huo. Kikavu kidogo, lakini kinafanya kazi. Ukiona moto wa kichawi unamwokoa shujaa ukurasa wa 390, rudi nyuma: je, kabla ya hapo uliambiwa moto huo unawashwa na nani, unagharimu nini na unashindwa wapi? Gharama ndiyo muhimu kuliko zote. Uchawi usio na bei ni pampu ya maji isiyohitaji dizeli. Hakuna kijiji kitakachopigana tena, na hadithi imekwisha. Katika Ugogo wa zamani mtemi aliyeshika mawe ya mvua ndiye aliyeulizwa mvua isiponyesha. Cheo na lawama vilikuja pamoja, na ndiyo maana hadithi zake zina uzito.

Maelezo haya yanaelea kama hayashiki kitu, basi tuchukue kipande. Hiki hakitoki katika kitabu chochote. Kimetungwa hapa kwa ajili ya mfano tu, kwa makusudi kikiwa na steringi dhaifu:

"Alfajiri walifika Kisima cha Saba. Mlinzi aliwapimia maji kwa kibuyu, kimoja kwa kila mtu, na kila aliyekunywa alitaja jina la mtu wake mmoja. Akishalitaja, hakulikumbuka tena. Ndiyo ilikuwa bei. Rudani alitaja jina la shangazi yake, akanywa, akajifuta mdomo. Kando ya njia kulikuwa na kibanda, na mwanamke mzee akiandika ukutani kwa mkaa. Ukuta wote ulikuwa majina. 'Ukiyasoma yanakurudia, mama?' Rudani aliuliza. 'Hayanirudii,' alisema mzee. 'Ila naandika kabla sijaenda kuchota. Atakayepita atawaita.'"

Rudani ni mtupu kweli. Amempoteza shangazi yake na kilichofuata ni kujifuta mdomo. Mwandishi wa riwaya ya kisaikolojia angekaa hapo nusu ukurasa. Hilo ni kosa na hakuna haja ya kulitetea. Lakini angalia kilichobaki. Kuna sheria, jina kwa kibuyu. Kuna utawala, maana kuna mlinzi na kipimo, kwa hiyo kuna aliyemwajiri mlinzi. Kisima kinaitwa cha Saba, kwa hiyo kuna sita nyuma, na kila aliyetembea njia nzima ameshapoteza watu saba. Na kuna yule mzee, aliyekuja kwa mistari minne na kumzidi Rudani uhai, kwa sababu sheria ya nchi imembana mpaka akabuni namna yake ya kuishi nayo.

Hapo pana siri ambayo wasomaji wengi wanaipita. Kwenye fantasia yenye dunia nzuri na shujaa dhaifu, watu hai mara nyingi ni wale wa kando ya njia. Shujaa ni mali ya msuko. Lazima afike mlimani ukurasa wa 480, hivyo mwandishi anamkokota. Muuza mkaa, mlinzi wa kisima, mke wa askari hawana pa kufika. Ni mali ya nchi, na nchi imewafinyanga. Ukianza kuwatafuta hao, kitabu ulichodhani hakina watu kinakuwa na kijiji kizima. Michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ina watu warefu wembamba ambao wengi hawana sura ya kuwatambulisha. Hujui jina la hata mmoja. Lakini wameinama pamoja, wameshika kitu, wako karibu na mnyama, na mtu anasimama mbele yao muda mrefu akijaribu kuelewa walikuwa wanafanya nini.

Kuna kipimo kingine, cha lugha. Mwaka 1973, mwaka uleule ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, Mmarekani Ursula K. Le Guin alichapisha insha kuhusu mtindo wa fantasia. Alichukua mazungumzo kutoka riwaya moja ya kasri, akabadilisha majina machache tu, na yakawa mazungumzo ya wanasiasa wa Washington bila kubaki hata kovu. Kipimo hicho kinahamishika. Chukua mazungumzo ya wakuu wawili wa falme, toa "kasri" uweke "Mtumba" (ulipo mji wa Serikali Dodoma), toa "mjumbe wa mfalme" uweke "afisa masjala". Yakikaa sawasawa, ujue watu wale hawaishi katika nchi yao. Mimi nakitumia kwa hadhari, kwa sababu wapo waandishi wanaotaka watu wao waseme kawaida ili ajabu iwe katika vitu. Lakini pale ambapo wahusika ni dhaifu na lugha nayo imeanguka kipimo hiki, kitabu kimebakiwa na mguu mmoja.

Namna ya kukisoma, basi. Fantasia nyingi zinazofika mikononi mwetu ni za Kiingereza, na ni nene. Ukurasa wa kawaida una maneno kama 300. Anayesoma Kiingereza kwa kasi ya maneno 150 kwa dakika, ambayo ni kasi ya heshima kwa lugha ya pili, anatumia dakika 2 kwa ukurasa, kwa hiyo kurasa 500 ni saa 16 na dakika 40. Usizigawe kwa dakika kumi kumi za kusubiri daladala, angalau si mwanzoni. Kurasa 100 za kwanza zinataka kukaa, maana ndimo majina na sheria zinamotajwa, tena mara nyingi mara moja tu. Treni ya SGR ya Dodoma kwenda Dar es Salaam, kwa saa zake tatu na nusu na ushei, inazitosha hizo kurasa 100.

Chukua karatasi moja ya A4, ikunje mara mbili upate vyumba vinne. Chumba cha kwanza andika majina, kila jina na neno moja la kulitambulisha: "Serath, mlinzi, jicho moja." Waandishi wa fantasia wana ugonjwa wa kuanza majina matano kwa herufi ileile, na msomaji anayechanganya Serath na Seroth anadhani wahusika ni dhaifu kumbe amewachanganya tu. Chumba cha pili ni sheria: nani anaweza nini, kwa bei gani, na ukurasa uliposemwa. Cha tatu ni maswali. Kisima ni cha nani? Kwa nini hakuna watoto katika mji huu? Swali likijibiwa, lipige mstari na uandike ukurasa wa jibu. Ukifika nusu ya kitabu na hakuna hata swali moja lililopigwa mstari, mwandishi anakukopa bila nia ya kulipa. Chumba cha nne ni ramani. Ichore mwenyewe hata kama kitabu kinayo, na hasa kama unasoma kwenye simu, ambako ramani inakuwa ndogo kama stempu na kuirudia ni kazi. Huna haja ya ufundi: mto, barabara, milima, na siku za safari kati ya mji na mji. Tolkien mwenyewe alieleza kwamba alianza na ramani akaifanya hadithi iifuate, na msomaji anayeifuata kwa kidole anaona faida ya kazi hiyo.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuruka maelezo ili kuwahi mapigano. Kwenye riwaya ya wahusika wenye kina, ukiruka maelezo ya bonde unabaki na watu. Kwenye hii, ukiyaruka unabaki na Rudani. Soma kinyume chake: kwenye bonde nenda polepole, kwenye mapigano nenda haraka, maana mapigano ya mtu usiyemjali hayana taharuki na unajua atashinda. Isipokuwa pigano linapotumia sheria ya nchi kwa namna mpya. Hapo simama, rudi kwenye chumba cha pili uhakikishe, na ufurahi.

Kosa lingine ni kumsubiri shujaa abadilike. Mpe mpaka theluthi ya kitabu. Kama kufikia ukurasa wa 170 wa kitabu cha kurasa 500 bado ni yuleyule, atabaki yuleyule, na kila sura utakayoingia nayo tumaini hilo itakuumiza bure. Kaa naye kama unavyokaa na dereva wa basi: afike salama, na wewe utazame dirishani.

Lakini usisamehe kila kitu kwa jina la mandhari nzuri. Kuna udhaifu ambao si wa ufundi. Pale ambapo wanaume wa kitabu wana angalau tabia moja moja na wanawake wote ni zawadi ya mshindi au maiti ya kumtia shujaa hasira, mwandishi ameacha nusu ya nchi yake bila kuijenga, na hata kwa kipimo cha mandhari amefeli: nani anachota maji, nani anasaga nafaka, nani anauza sokoni? Vivyo hivyo kabila la "washenzi wa kusini" ambao kazi yao ni kupiga kelele na kufa. Unaweza kukimaliza kitabu hicho na kukifurahia kwa mengine, ila liseme wazi unapompa mwenzako akisome, hasa akiwa mdogo.

Mkikutana kukijadili, swali la "ulimpenda nani?" litaua kikao kwa dakika tano, maana jibu ni hakuna. Anzeni na "ungeishi mji gani, na ungekula nini?" Kila mtu atalazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi, mmoja atasema pwani kwa sababu ya samaki, mwingine atamkumbusha kodi ya bandari ukurasa wa 132, na kufikia hapo mnajadili uchumi, sheria na haki za nchi ambayo haipo, kwa sauti ya juu. Halafu muulizeni kila mmoja mtu wa kando ya njia aliyemkumbuka. Majibu ya swali hilo hayafanani kamwe.

Juzuu ya pili ni mtihani mgumu. Ugeni wa nchi ni akiba, na akiba inaisha. Katika juzuu ya kwanza kila kisima ni kipya. Katika ya pili unavijua vyote, na sasa mwandishi analazimika kukushika kwa watu, ambao hana. Ndiyo maana mfululizo mwingi wa aina hii unashuka ghafla ukianza kitabu cha pili, na wasomaji wanadhani mwandishi amechoka, kumbe ameshindwa palepale aliposhindwa tangu mwanzo ila awali hapakuonekana. Kabla ya kununua, soma sura ya kwanza na uangalie kama kuna mahali papya kwenye ramani au sheria mpya ya kulipia. Kama safari inarudi kwenye kasri lilelile na Rudani yuleyule, ridhika na juzuu ya kwanza. Ni kitabu kizima. Karatasi yako ya vyumba vinne iache ndani yake, kwenye ukurasa wa ramani, yule atakayekiazima ajue Serath ni mwenye jicho moja.